Daftari la Mifano ya Kweli

Jumatatu, 2 Machi

Muhula umeanza na mvua, na mvua imeanza na meza yangu. Chumba cha walimu kina meza kumi na nne, lakini bati limetoboka mahali pamoja tu, juu ya kichwa changu. Nimeweka beseni la plastiki kwenye pembe ya meza, nikasahihisha madaftari kwa mlio wa tone, tone, tone. Mwalimu wa hesabu, ambaye meza yake inagusana na yangu, amesema nikihesabu matone kwa dakika nitajua muhula unaisha lini. Nikamwambia ahesabu yeye, ndiyo kazi aliyosomea.

Habari kubwa ni moja. Mzee wetu, mkuu wa idara ya Kiingereza, anastaafu muhula huu ukiisha. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia nijiandae. "Miaka ishirini na miwili si mchezo, mwalimu," akasema. "Bodi inakaa mwezi wa tano. Mimi sioni mwingine." Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye mambo mengi. Lakini nilipotoka nilizunguka makusudi nikapita mbele ya kile chumba cha mkuu wa idara. Kina mlango wenye kitasa, dirisha moja, rafu mbili, na dari kavu. Mtu anaweza kukaa mle akafikiri.

Jumatano, 4 Machi

Kidato cha pili, vipindi viwili mfululizo, in na on na at. Niliingia na kisanduku changu cha mbao, cha kuonyeshea ndani na juu, na darasa likanong'ona "Mama Kisanduku" kama kawaida yao. Wananidhani kiziwi.

Shida yetu ni kwamba lugha yetu ni karimu. Unasema mezani, mlangoni, sandukuni, umemaliza, kila mtu ameelewa. Kiingereza hakikuachii uende. Kinakushika mkono kinakuuliza: ndani, juu, au hapo tu? Leo mmoja ameniandikia kwamba mwalimu yumo ndani ya mbao za mlango, na hakuona tatizo.

Ndipo ninapowakumbusha kwamba na sisi tunazo zetu. Yumo, yupo, yuko. Aliyemo ni in. Aliyepo ni at, unamwonyesha kwa kidole. Na yuko? Yuko ni wa kutafutwa. Hilo sikulikuta katika kitabu chochote. Nililipata mwenyewe mwaka wa kumi wa kufundisha, nikiwa naosha vyombo, na niliacha sufuria na povu lake nikaenda kuliandika.

Halafu pembe. Mtu aliye in the corner amewekwa kwenye pembe ya chumba, pengine kaadhibiwa. Aliye at the corner amesimama kwenye kona ya barabara, anamngoja mtu. Neno la pembe ni lile lile, ila mmoja ana aibu na mwingine ana matumaini. Walicheka. Wakicheka hawasahau.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Beseni.

Alhamisi, 12 Machi

Kalamu amekuja kuazima daftari langu.

Jina hilo nilimpa mimi, alipokuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Kila siku alikuja darasani bila kalamu na kila siku aliazima yangu. Leo ni mwalimu mwenzangu, mwaka wake wa tatu hapa, na nafasi hiyo nilimwombea mimi kwa mdomo wangu mbele ya mkuu. Bado ananiita mama. Ana sauti nzuri, watoto wanampenda, na anajua kuvaa. Alisema kidato cha tatu kinamshinda kwenye by na until, watoto wanachanganya, naye anachanganyikiwa nao. Angependa kupitia daftari langu siku mbili tatu.

Katika chumba chetu cha walimu daftari la maandalio halinyimwi. Ukimnyima mwenzako daftari, mchana utakula peke yako. Na hili la jalada jeusi watu wote wanalijua. Nililianza mwaka wangu wa kwanza kazini. Mwalimu aliyenifundisha mimi alikuwa na sheria moja: usiwape watoto mfano wa uongo, kwa sababu mfano wa uongo hata wewe mwenyewe utausahau. Kwa hiyo kila mfano humo ni jambo lililotokea. Mama yangu alizaliwa in Juni. Sahani ya harusi ilivunjika on Jumanne. Kila ukurasa una tarehe pembeni. Mwalimu wa hesabu aliwahi kulifungua akasema, hili si daftari la vihusishi, hii ni kesi.

Nilimpa. Nilimwambia tu asiliweke karibu na chai.

Jumanne, 17 Machi

Nimepita dirishani mwa kidato cha tatu nikamsikia Kalamu akisema, "Aliyemo, aliyepo, aliyeko." Darasa lote likaitikia. Nilisimama pale na vitabu vyangu kifuani mpaka kengele ilipolia. Sitasema uongo, nilifurahi. Nilijiona kama mtu aliyepanda mti akaukuta una kivuli.

Jumatano, 25 Machi

Daftari limerudi, siku kumi na tatu badala ya mbili tatu. Limefungwa kwa gazeti, vizuri kabisa. Lina alama ya duara ya kikombe kwenye jalada. "Asante mama, limenifungua macho." Nikamwambia karibu tena.

Jumatano, 1 Aprili

Binti yangu amekuja na fomu ya kujiandikisha mtihani wa kidato cha nne. Anasoma shule hii hii ninayofundisha, jambo ambalo halimfurahishi yeye wala mimi. Kuna mstari wa jina la baba na mstari wa mahali alipo. Jina aliliandika mwenyewe. Kwenye mstari wa pili akasimamisha kalamu.

"Niandike yuko wapi?"

Nikamwambia aandike hajulikani alipo. Aliandika kwa mwandiko wake ule wa kulala. Halafu bila kuinua kichwa akauliza kama kweli baba yake hakurudi hata siku moja. Alipoondoka mtoto alikuwa na miaka sita. Sasa ana kumi na saba na ameuliza swali hili mara tatu maishani, mimi ndiye ninayehesabu.

Nikamjibu, "Hata siku moja."

Akapuliza wino ukauke.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua ya siku nne. Bati limepata tundu la pili, pia juu yangu. Mwalimu wa hesabu anasema sasa nina takwimu.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo asubuhi gwarideni mkuu wa shule ameinua kijitabu chenye jalada la bluu. "Vihusishi kwa Njia Rahisi." Akasema shule yetu imepata mwandishi. Akamwita mbele Kalamu, watoto wakapiga makofi, nami nikapiga. Nilipiga kwa nguvu kweli. Nilidhani ni kazi yake.

Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne kapewa nakala. Mimi yangu aliniletea mwenyewe mezani, kwa mikono miwili, na ndani ameandika: Kwa mama yangu, aliyenitia moyo.

Nilifungua ukurasa wa kwanza. Yumo, yupo, yuko. Nikasema moyoni, sawa, nililifundisha mimi, na yeye analifundisha, si neno. Ukurasa wa tatu, pembe ya aibu na pembe ya matumaini. Ukurasa wa saba, mama wa mtu kazaliwa in Juni. Ukurasa wa tisa, sahani imevunjika on Jumanne. Nikaanza kufungua kurasa haraka. Surua ya mdogo wangu imo. Kiatu changu kilichodumbukia kisimani kimo. Hata mpangilio hakuubadilisha. Amenakili kama watoto wanavyonakili ubaoni, wanaandika mpaka jina la mwalimu wa zamu. Kitu pekee alichobadilisha ni mimi. Kila mahali nilipoandika I, yeye kaandika she au a man au a woman.

Ukurasa wa mwisho anawashukuru wazazi wake, mkuu wa shule, na wote waliomwombea. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau humwona anayempiga.

Nilikuwa nimeshikwa na hasira safi, hasira inayompa mtu nguvu ya kunyanyuka. Nikanyanyuka. Halafu upepo wa mlangoni ukafunua kijitabu pale mezani, nikaona ukurasa wa thelathini na moja. By na until.

Nikaketi. Tone, tone, tone. Mwalimu wa hesabu aliniuliza kama naumwa. Nikasema nina njaa.

Jumanne, 21 Aprili

Nimemsubiri Kalamu kwenye stoo ya vitabu, mahali pasipo na masikio. Alikuja akitabasamu. Nilimwuliza tu kijitabu kimetoka wapi.

Alidhani nimekuja kumpongeza, halafu akaona uso wangu. Akaanza kujieleza haraka haraka. Kwamba mifano haina mwenyewe, kila mwalimu anaandika "kitabu kipo juu ya meza" na hakuna aliyeshtakiwa. Kwamba daftari lilikuwa limekaa kabatini miaka yote likiliwa na mende, na sasa watoto mia tatu wanalisoma. Kwamba alitaka kuniambia lakini alingoja lichapwe kwanza, iwe zawadi. Aliposema zawadi alikuwa karibu kulia, na nadhani aliamini alichokisema. Hilo ndilo lililonichoma. Ningemwelewa mwizi.

Nikamwuliza kuhusu ukurasa wa thelathini na moja.

"Ule wa mtu getini? Watoto wanaupenda ule, mama. Wananiuliza kwa nini hakufunguliwa."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia yule mwanamke wa dirishani hakumjua."

Nilikuwa na maneno kumi ya kumwambia. Nilimwambia afunge mlango akitoka.

Ijumaa, 24 Aprili

Angry with ni kwa mtu. Angry about ni kwa jambo. Leo nimewafundisha kidato cha pili na nimeshindwa kutoa mfano. Nikawaambia waandike wao.

Jumatatu, 4 Mei

Mwalimu wa hesabu ameshindwa kunyamaza. Alikuwa amekisoma kijitabu wikendi, akakuta sahani ya harusi, akakumbuka daftari. Bila kuniuliza, leo asubuhi kaingia kwa mkuu wa shule na kumwambia kazi ile si ya yule aliyeandikwa jaladani. Alirudi mezani amevimba kifua kama mtu aliyeua nyoka. "Kikulacho ki nguoni mwako," akaniambia, "na humo nguoni ni in, siyo?" Nilitamani kumkumbatia na kumpiga na beseni.

Mchana mkuu wa shule ametuita sisi watatu. Kalamu hakukataa wala hakukubali. Alisema tu kwamba alisaidiwa na wengi. Mkuu alikuwa na sura ya mtu aliyeshasifu mbele ya gwaride na sasa hajui ayazoe vipi maneno yake. Alisema kijitabu tayari kimefika mezani kwa bodi, na baadhi wameshaanza kuuliza kwa nini mkuu wa idara asiwe huyu mwandishi kijana. Kwa hiyo jambo liko wazi. Ijumaa kamati ya bodi inakaa hapa, watu watano. "Lete daftari, mwalimu. Tutaweka kimoja kushoto, kingine kulia, ukurasa kwa ukurasa. Tarehe zitasema. Kama ni lako, chumba ni chako na yeye atajieleza."

Nikasema nitalileta.

Jumanne, 5 Mei

Nimelifungua daftari jikoni, binti akiwa shuleni kwenye masomo ya ziada. Ukurasa wangu wa arobaini na nne. Mwandiko wangu, tarehe yangu pembeni, miaka kumi na mmoja iliyopita.

He waited at the gate from three until six.
He knocked four times. I was at the window, behind the curtain.
By seven the road was empty.
He left the oranges on the wall.

Nauandika hapa kwa lugha yangu, maana kwa Kiingereza ni mfano tu.

Ilikuwa Jumapili. Alikuwa ameondoka miezi mitano kabla, kwenda kwa mwanamke aliyekuwa akimshonea mashati, na mtaa mzima ulijua kabla yangu. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mtoto baba yuko safarini. Saa tisa alasiri nikasikia geti linagongwa. Nikasogeza pazia. Mvua ilikuwa inanyesha, naye amesimama bila mwavuli, ameshika mfuko wa machungwa, lile shati lenye mistari limemgandama. Mtoto alikuwa amelala na kahoma kadogo.

Sikufungua. Nilijiwekea sharti. Nilijiambia akigonga mara ya tano nitafungua. Aligonga mara ya kwanza, ya pili, akangoja sana. Ya tatu. Karibu saa kumi na moja akagonga ya nne. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango wa ndani. Nilitaka moja tu zaidi. Nilitaka aione kazi ya kurudi. Saa kumi na mbili akaweka mfuko juu ya ukuta, akatazama dirisha, akaondoka. Mpaka leo sijui kama aliniona. Nilingoja arudi. Ilipofika saa moja barabara ilikuwa tupu.

Asubuhi mtoto akatoka uani, akarudi anapiga kelele za furaha kwamba kuna machungwa juu ya ukuta. Nikasema jirani katuletea. Tulikula siku nne.

Jumatano ya wiki ile nilikuwa na kipindi cha by na until na sikuwa na mfano. Sheria ni sheria. Niliandika. Siku hiyo darasa zima lilielewa.

Jumatano, 6 Mei

Nimefikiri kuuchana ukurasa. Lakini ukurasa wa thelathini na moja wa kijitabu utaomba ndugu yake, na pengo litaonekana. Nimefikiri kufuta I. Wino wa miaka kumi na mmoja haufutiki, unachafuka tu.

Watu watano, mkuu, Kalamu na mwalimu wa hesabu. Watasoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Aibu yangu mbele yao ningeimeza, nimemeza kubwa zaidi. Lakini chumba chetu cha walimu kuta zake ni za karatasi. Kinachosomwa Ijumaa mchana, Jumatatu asubuhi kimefika kidato cha nne, dawati la tatu kutoka dirishani, anapokaa mtoto niliyemwambia hata siku moja.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi kata yangu nimeiazimisha mwenyewe, na gazeti la kufungia nikapewa.

Alhamisi, 7 Mei

Jioni nilikuwa napiga pasi gauni la kesho. Binti alikuwa chumbani mwake akisoma kwa sauti kijitabu cha bluu, kama anavyosoma kila kitu, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Akafika pale. A man waited at the gate. Nikamwita nikamwambia aache hicho, asome Historia, maana Historia ndiyo inayomshinda. Nikasikia kitabu kikifungwa. Sikusikia kingine kikifunguliwa.

Akatoka, akasimama mlangoni, akaniuliza kesho naenda na daftari? Shule nzima wanajua kuna kesi. Nikasema nitaona.

"Nenda nalo, mama," akasema. "Ni lako."

Nimelitia kwenye mkoba. Nimelitoa. Nimelitia tena.

Ijumaa, 8 Mei

Sikwenda nalo.

Walikuwa wamekaa kwenye maktaba, meza ndefu, kijitabu cha bluu katikati na nafasi tupu pembeni yake. Mwenyekiti wa kamati ni mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, mpole. Akaniuliza daftari liko wapi. Nikasema liko nyumbani. Akaniuliza kama ningependa wanisubiri nilifuate, si mbali. Nikasema hakuna haja.

"Ni kazi yake," nikasema. "Mimi nilimpa mifano michache, kama mwalimu yeyote."

Mwalimu wa hesabu alinitazama kama mtu anayeona mbili na mbili zimekuwa tano. Alitoka kabla ya kikao kufungwa, na kwenye kiti chake akaacha kalamu yake. Kalamu wa pili, yule wa kwangu, hakuinua kichwa. Nilitaka afurahi ili nimchukie vizuri. Alikuwa analia, na machozi yake yalikuwa ya mtu aliyesamehewa mbele ya watu bila kuombwa ruhusa. Nadhani ataniogopa maisha yake yote. Ni kidogo, lakini nimekichukua.

Mkuu wa shule alishusha pumzi. Jambo limeisha vizuri, akasema, na bora tuendelee kuwa familia moja.

Jumatatu, 11 Mei

Mwalimu wa hesabu kahamisha meza yake. Siyo mbali, hatua tatu. Anasema ni kwa sababu ya maji.

Ijumaa, 15 Mei

Imebandikwa ubaoni. Mkuu mpya wa idara ya Kiingereza, mdogo kuliko wote waliowahi kushika nafasi hiyo. Mchana alihamisha vitu vyake na akaniomba nimsaidie kuchagua rafu ya kamusi. Nimemsaidia. Mle ndani mvua haisikiki kabisa. Akaniambia niwe naingia wakati wowote, mama, hata bila kugonga. Nikatoka nikamwaga beseni.

Ijumaa, 22 Mei

Shule imefungwa. Nimerudi nyumbani mapema nimebeba kisanduku, maana kabati langu la shuleni lina kutu. Binti alikuwa mezani. Mbele yake kijitabu cha bluu, kimefunguliwa ukurasa ninaoujua.

Hakunipigia kelele. Ningeshukuru angepiga kelele. Alisema anakumbuka yale machungwa, yalikuwa juu ya ukuta, yamelowa, na mfuko ulikuwa wa nyavu nyekundu. Alisema alikisoma kijitabu siku ile ile walipogawiwa, tarehe ishirini ya mwezi wa nne, na tangu siku hiyo alikuwa ananingoja. Alidhani nitamwambia nikikasirika. Halafu aliposikia kuna kamati akajisemea: "Basi, mama hawezi kukubali kuibiwa kitabu, Ijumaa atakwenda na daftari, litasomwa, akirudi ataniambia yote."

"Ulikiacha chumba cha idara," akasema. "Ili nisijue kitu ninachokijua."

Nikaanza kueleza. Mashati, miezi mitano, sharti la mara ya tano. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake juu ya meza. Alisema yeye hanilaumu kwa kutofungua, labda na yeye asingefungua. Halafu sauti yake ile isiyopanda wala kushuka ikavunjika kidogo.

"Lakini yale machungwa, mama. Ulinimenyea. Ulikaa ukanimenyea moja moja, ukaniambia nimshukuru jirani. Nikaenda nikamshukuru."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Alikwenda kweli, na kagauni kake ka njano, na jirani akacheka akadhani mtoto ana homa.

Akauliza yuko wapi. Sasa hivi, leo. Nimefundisha miaka ishirini na miwili watu waseme kitu kipo wapi, na nikamjibu sijui.

Jumamosi, 23 Mei

Mvua imekatika. Binti ameamka mapema, amefunga begi dogo. Anakwenda kwa shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye hatujamtembelea tangu mwaka ule. Nauli anayo, anwani ameipata mwenyewe, sijui kwa nani. Nilimfungia mkate, akaupokea na kusema asante.

Nikamwuliza anarudi lini. Akasema hajui, inategemea atakachokikuta.

Nikatungua ufunguo wangu wa akiba kutoka msumarini, nikampa, ili akirudi nisipokuwepo aingie tu. Aliushika kidogo, akauangalia, akauweka juu ya meza, karibu na kisanduku.

"Nitagonga, mama," akasema. "Nataka nione."